Hema nyanda za juu: baridi hutokea chini

Unapanga wikendi ya kulala kwenye hema Kitulo au Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa sita au wa saba? Kabla ya kuongeza blanketi la kujifunika, fikiria cha kutandika. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, usiku mwingine umande huganda, na ardhi hukunyonya joto mgongoni hata ujifunike vipi. Tandika turubai, kisha godoro la povu la sentimita 2 au zaidi. Mkeka peke yake hautoshi.

Usisimike hema bondeni kabisa, ingawa panavutia: hewa baridi huteremka na kutuama hapo. Panda kidogo. Acha matundu ya hema wazi, la sivyo mvuke wa pumzi zenu utawadondokea kama matone alfajiri. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dakika tano. Hewa yake huua watu usingizini.

Kwa wavuvi wa trauti: samaki huyu huelekeza kichwa maji yanakotoka, basi mvizie kutokea upande maji yanakoelekea, ukirusha chambo kuelekea yanakotoka. Uzi mwembamba wa mwisho, unaofungiwa nzi wa bandia ambaye ndiye chambo, uwe mita 2.5 hadi 3. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Likikazwa kavu, uzi huungua kwa msuguano na kukatika samaki akivuta tu. Kibali ulizia mapema. Tiketi ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Kitulo si ruhusa ya kuvua.

Kupanda mlima, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujafunga njia.