SOMO: Laptopu inachemka na kuwa slow? Kabla hujanunua RAM fungua uangalie feni

Habari za muda huu wakuu. Hili somo nimeliahidi siku nyingi, leo wateja hakuna nikaona bora nikae niandike.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa chuo hapa Dodoma kaniletea mashine, analalamika ikikaa robo saa inakuwa nzito mpaka mausi inakatakata. Kashapita kwa fundi mwingine akaambiwa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ndogo, akaongezewa kutoka 4GB mpaka 8GB, hela imetoka na ugonjwa uko vile vile. Nikaiwasha, nikafungua Task Manager ya Windows upande wa prosesa (ubongo wa mashine), nikaweka video icheze huku tunapiga stori. Prosesa ni i5-6300U, kawaida yake 2.4GHz na ikikazana inafika 3.0. Dakika kumi hivi nacheki nakuta 0.78. Joto kwenye HWMonitor, programu ya kupima joto, nyuzi 97. Sasa hapo RAM ingefanya nini jamani?

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani maana ukielewa hili hudanganywi tena. Prosesa ya hivyo imepangiwa kutoa joto la wati 15 hivi, unaweza kuona ni kidogo, ila lote linatokea kwenye kipande chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu yake kuna pesti (ile krimu ya kupitisha joto), juu ya pesti kuna bati la shaba, na kwenye hilo bati limeungwa bomba la shaba lililobapa. Wengi wanadhani lile bomba ni shaba tupu, hapana, ndani lina maji kidogo sana na limefungwa bila hewa, upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa unakuwa maji tena, yanarudi. Mwisho wa bomba kuna mapezi membamba kama chanuo na feni inapuliza hapo kutoa joto nje. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja tu basi. Prosesa ikikaribia 100 inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na ikizidi inazima mashine ghafla. Kwa hiyo ule uslow sio uzee wala virusi, inajiokoa.

Haya tuingie kazini.

1. Pima kwanza. Shusha HWMonitor au Core Temp, zote bure. Mashine ikiwa imetulia 40 mpaka 55 sio mbaya kwa joto letu, ikifanya kazi ngumu 80 na kitu bado sio ugonjwa. Ukiona inagusa 95 na kwenye Task Manager spidi inashuka chini ya ile iliyoandikwa, endelea kusoma. Kama joto lipo sawa na bado ni slow, angalia diski, kama bado una ile HDD ya kuzunguka na inasoma asilimia 100 muda wote basi dawa yako ni SSD (diski isiyozunguka, ya kasi) na somo hili sio lako.

2. Zima kabisa (sio kufunika tu), chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini. Skrubu zake zinaweza kutofautiana urefu, mimi nachora umbo la laptopu kwenye karatasi na kila skrubu naichomeka pale pale ilipotoka. Usidharau hili, skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa mazabodi (bodi kuu ya mashine) au kusukuma kibodi kwa juu. Kabla ya kushika kitu ndani gusa chuma, dirisha la grili linatosha, utoe umeme wa mwilini.

3. Chomoa waya wa betri kwenye mazabodi. Kabla ya kitu kingine chochote. Mashine imezimwa ndiyo, ila betri bado inapeleka umeme na bisibisi ikiteleza umemaliza.

4. Hapa ndo penye siri. Usiishie kupuliza feni kwa juu, itoe. Chungulia kati ya feni na yale mapezi. Ya yule dogo nilikuta vumbi limeshikana na nywele limekuwa kama kipande cha blanketi, nikalibandua kwa kibano likatoka zima, limeshika umbo la mapezi mstari kwa mstari. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu na kelele inapiga, lakini inapuliza ukuta! Ndo maana ukiangalia kwa nje unaona safi. Maliza na brashi laini ya rangi iliyo kavu. Ukitumia blowa bana mapanga ya feni kwa kidole, ikizungushwa kwa upepo mkali inaua beringi na inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye bodi.

5. Pesti. Legeza lile bati la shaba, skrubu zake mara nyingi zimeandikwa namba 1 mpaka 4, unafungua kuanzia namba kubwa kurudi ndogo, kila moja kidogo kidogo. Pesti ya zamani utaikuta imekauka kama dawa ya meno iliyosahaulika kwenye sinki. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, usikwangue na kisu. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele na uisambaze nyembamba ifunike kioo chote cha prosesa. Kazi yake ni kujaza vile vishimo visivyoonekana kwa macho maana hewa ikibaki mle haipitishi joto. Kuimwaga kama unapaka mkate siagi hakuongezi ubaridi. Ukikuta vile viraka laini kama ufizi kwenye chipu za pembeni viache, sio mahali pa pesti.

6. Rudisha, safari hii namba 1 kwenda juu, chomeka waya wa feni (wengi wanausahau, halafu "fundi imekuwa mbaya zaidi"), betri, mfuniko. Pima tena. Ya dogo video ile ile ilisimama 66 na spidi 2.7. RAM yake ya 8 abaki nayo, haina madhara.

Maswali yaruhusiwe.

SWALI: Shikamoo fundi. Kuna jamaa kasema dawa ya meno inafanya kazi badala ya pesti, ni kweli?
JIBU: Marahaba mdogo wangu. Itafanya kazi leo na labda kesho, maji yake yakikauka inapasuka na joto linarudi pale pale. Na unaiweka juu ya umeme, sio kwenye jino.

SWALI: Mkuu mi naishi Tanga karibu na bahari, vumbi sio sana ila skrubu zimeanza kutu, hiyo nayo inachemsha?
JIBU: Kutu ya skrubu haichemshi, ila inakuambia chumvi imeshaingia ndani. Kwenu huko adui ni unyevu, miguu ya soketi inaota ukijani na mambo yanakuwa ya kubahatisha, leo chaji inaingia kesho hamna. Usiifungie kabatini miezi, iwashe mara kwa mara, ile joto yake inakausha. Na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya usitupe, weka kwenye begi lake.

SWALI: Ile stendi yenye feni inasaidia au naibiwa?
JIBU: Inapunguza nyuzi chache kama ndani ni pasafi. Kama ndani kuna blanketi unapulizia blanketi. Ila kunyanyua mashine tu isikae juu ya godoro ni msaada mkubwa na ni bure, mbao mbili zinatosha, matundu ya kuvuta hewa mengi yako chini.

SWALI: Kaka samahani mimi ni dada wa stationery, desktopu yangu umeme ulikatika, uliporudi inawaka feni zinazunguka lakini kioo cheusi na inalia pii pii.
JIBU: Pole dada. Huko kulia mara nyingi ni RAM. Chomoa waya ukutani, toa RAM, sugua ile miguu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa makombo, irudishe mpaka isikike tak pande zote. Zikiwa mbili jaribu moja moja. Ikiwaka, nunua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kabla ya kununua karatasi zingine.

SWALI: Mkuu nimefungua kama ulivyosema nimekuta betri imevimba kama chapati, na tachipadi ilikuwa imenyanyuka siku nyingi. Niitoboe itoke hewa nimalizie kupaka pesti?
JIBU: ACHA HAPO HAPO. Usiitoboe, usiikandamize, usiichomeke chaja. Hiyo ni lithiamu, ukitoboa inawaka moto na moshi wake ni sumu. Kama inatoka bila kuikunja itoe taratibu uiweke nje juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vya kuungua, kama imeganda ipeleke mashine yote kwa fundi mwenye uzoefu. Pesti itasubiri.