Kabla ya Kupanda Meli Ndogo ya Mto Columbia: Mambo ya Kuzingatia

Safari ya meli ndogo kutoka Portland, Oregon, kuupanda mto Columbia na kisha mto Snake hadi Clarkston, katika jimbo la Washington, hutangazwa kwa picha za milima na maporomoko. Picha hizo hazidanganyi. Zinachoacha kusema ni kwamba sehemu kubwa ya historia inayokupeleka huko imelala chini ya maji, na aliyefika bila kuijua atakula vizuri, atapiga picha, atarudi nyumbani bila kujua alipita juu ya nini. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni ya kusoma. Sanduku litafuata.

Anza na msafara wa Meriwether Lewis na William Clark, waliotumwa na serikali ya Marekani kutafuta njia ya kufika bahari ya Pasifiki. Oktoba 1805 waliteremka mito hii kwa mitumbwi waliyoichonga kwa msaada wa watu wa Nez Perce, kabila la wenyeji wa asili wa huko, ambao pia waliwatunzia farasi wao hadi waliporudi mwaka uliofuata. Meli inayotoka Portland huenda kinyume cha mteremko wao, kwa hiyo ukisoma shajara zao utakuwa unasoma kurasa za mwisho kwanza. Ukitaka matukio yaje kwa mfuatano wake, tafuta safari inayoanzia Clarkston na kuishia Portland. Kampuni nyingi huendesha pande zote mbili.

Ndani ya msafara ule alikuwemo mtu mweusi aitwaye York, mtumwa wa Clark. Alifanya kazi zote walizofanya wenzake, na Novemba 1805, karibu na mdomo wa mto, walipoulizana wapi wajenge kambi ya kipupwe, maoni yake yaliandikwa pamoja na ya wengine, kama yalivyoandikwa ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone aliyesafiri nao. Waliporudi, wanaume wa msafara walipewa mshahara maradufu na ardhi. York hakupewa kitu, na Clark alikataa kumwachia huru kwa miaka kadhaa. Oregon nayo ilipokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1859, katiba yake iliwakataza watu weusi kuhamia, na kifungu hicho hakikufutwa hadi 1926. Mwafrika anayesafiri huko anastahili kuyajua haya kabla ya kukaa kwenye ukumbi wa meli kusikiliza mhadhara wa jioni, na ana haki ya kumuuliza mhadhiri habari za York endapo jina lake halitatajwa.

Jambo la pili la kusoma ni mabwawa. Kati ya bahari na Clarkston kuna manane: Bonneville, The Dalles, John Day na McNary kwenye Columbia, kisha Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite kwenye Snake. Katika kila moja, meli huingia kwenye chumba kirefu cha zege, geti hufungwa nyuma yake, maji hufunguliwa, na meli hupanda polepole pamoja nayo hadi kimo cha ziwa la juu. Pale John Day hupanda kama mita 33. Ukifika mwisho wa safari utakuwa zaidi ya mita 220 juu ya usawa wa bahari, na hutakuwa umeona maji ya kasi hata mara moja. Baadhi ya mabwawa hupitwa usiku wa manane. Ulizia ratiba mapema, uweke kengele. Usikubali kulipitia John Day ukiwa usingizini.

Mabwawa hayo hayo ndiyo yaliyozamisha Celilo, maporomoko ambako wenyeji wa asili wa mto walivua samoni na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka. Tarehe 10 Machi 1957, bwawa la The Dalles lilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko yakanyamaza. Nahodha akitangaza kwamba mko karibu na Celilo, utakachokiona ni maji tulivu tu, na abiria wengi hurudi kwenye kahawa yao. Tazama picha za zamani za wavuvi waliosimama juu ya majukwaa ya mbao kabla hujaondoka nyumbani. Hapo ndipo utulivu ule utakuumiza kama inavyopaswa. Haki ya uvuvi ambayo makabila ya wenyeji hao yaliihifadhi kwenye mikataba ya 1855 na serikali ya Marekani bado ipo, na hadi leo wavuvi wa makabila hayo huuza samaki wao kandokando ya mto. Weka dola taslimu mfukoni. Samoni wa kukaushwa kwa moshi hukaa safarini bila shida.

Clarkston na Lewiston, mji jirani wa ng'ambo ya mto katika jimbo la Idaho, iko kwenye nchi ya Nez Perce. Wengi hulipia safari ya siku moja kuingia Hells Canyon kwa boti ya kasi. Korongo hilo linazidi mita 2,400 kwa kina, kuliko hata Grand Canyon. Humo, mwishoni mwa Mei 1877, watu wa Chifu Joseph, kiongozi wa Nez Perce, waliuvuka mto Snake uliofurika, wazee na watoto kwa mifugo, wakilazimishwa na serikali ya Marekani kuhama nchi yao. Vita na jeshi la Marekani vilivyofuata viliwafikisha Montana, karibu na mpaka wa Kanada, ambako walisalimu amri Oktoba mwaka huo. Boti hiyo huruka na kugonga mawimbi kwa nguvu. Mwenye maumivu ya mgongo au mjamzito asiipande. Aende badala yake kwenye kituo cha historia ya Nez Perce kule Spalding, na kwa maoni yangu hatakuwa amepoteza.

Majira makuu ni kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Novemba. Aprili na Mei maporomoko yamejaa, Multnomah yenye mita 189 ikiwa ndiyo maarufu zaidi, na vilima vya mashariki bado ni kijani. Julai na Agosti upande wa mashariki huwaka jua kali, na moshi wa moto wa misitu unaweza kufunika kila kitu. Septemba 2017 moto wa Eagle Creek ulifunga sehemu kubwa ya korongo la Columbia. Mwenye pumu achague masika. Mavazi yawe ya kupangika tabaka juu ya tabaka, kwa sababu milima ya Cascade inaigawa safari: magharibi mvua, mashariki nusu jangwa, na badiliko hilo hutokea ndani ya saa chache za mwendo. Koti la kuzuia upepo ni la lazima. Upepo wa korongoni hauna adabu.

Kuhusu hati: mto huanzia Kanada lakini safari yote iko ndani ya Marekani, kwa hiyo viza ya Kanada haihitajiki. Kama unawaalika wazazi kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, usilipe nauli isiyorudishwa kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti; masharti hubadilika, na ubalozi ndio wa kuulizwa. Bei itakushtua. Sheria ya mwaka 1886 inataka meli inayobeba abiria kati ya bandari za Marekani iwe imejengwa huko na kumilikiwa na Wamarekani, na gharama hiyo huishia kwa abiria. Linganisha kampuni kwa kilichomo ndani ya bei: matembezi ya nchi kavu, vinywaji, bahashishi ya wahudumu, usafiri wa uwanja wa ndege.

Ukisafiri na mama au babu, uliza kama meli ina lifti na kama kuna daktari. Meli nyingi ndogo hazina daktari, kwa kuwa hospitali za pwani ya mto haziko mbali. Lakini bili ya hospitali ya Marekani inaweza kuimaliza familia, basi bima ya safari yenye matibabu isikosekane. Dawa zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku zaidi ya zile za safari.

Wenzetu Waislamu waijulishe kampuni wiki kadhaa kabla kuhusu chakula, wakitaja nyama ya nguruwe na pia mvinyo unaotiwa kwenye mchuzi, kwani mpishi asipoambiwa hawezi kuukisia. Kibla kutoka huko ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo, si upande wa machweo wala macheo, na meli hugeuka kila mara. Beba dira, kwa sababu korongoni simu hupoteza mtandao. Mwezi Juni jua huzama Portland karibu saa tatu usiku, kwa hiyo Isha huchelewa sana.

Mwisho ni kurudi. Safari nyingi huishia upande mwingine wa ilikoanzia, na uwanja wa ndege wa Lewiston ni mdogo. Abiria wengi hupelekwa kwa basi Spokane, karibu kilomita 170. Meli yako pia hushiriki mabwawa na matishari makubwa ya ngano, na foleni ikitokea mtasubiri. Kata tiketi ya ndege ya alasiri, au ulale Spokane usiku mmoja.