Somo: Rangi ya sebule inaanzia sakafuni

Somo hili ni la wenye nyumba ambazo sebule, sehemu ya kulia na jiko vimekaa pamoja bila ukuta wa kuvitenga. Nyumba mpya nyingi za hapa Dar, kama Goba, Mbezi na Kigamboni, ziko hivyo, na kosa ninaloitiwa kurekebisha ni lile lile: mtu ananunua rangi kwanza, halafu masofa, mwisho kabisa ndiyo anaitazama sakafu. Tuanzie huko alikomalizia.

Hatua ya 1: Orodhesha visivyobadilika

Tailizi, milango, makabati ya jiko, madirisha ya alumini. Ukuta unapigwa rangi upya kwa siku mbili tatu, lakini tailizi hutazibandua kwa sababu hazipatani na kochi.

Tailizi nyingi za krimu zina umanjano uliojificha. Ukizitazama peke yake huuoni. Weka karatasi nyeupe juu yake, utauona hapo hapo. Milango ya mninga nayo ina wekundu. Sasa lete kijivu chenye ububluu, kile ambacho kila mtu anakitaka kwa kuwa kakiona kwenye simu: krimu yako itaonekana kama haijadekiwa tangu Idi. Nayasema haya kwa sababu nilijifanyia mwenyewe, kwangu Tabata. Mke wangu alideki mara mbili siku ile kabla sijakubali kwamba uchafu haukuwa sakafuni.

Kwa hiyo sakafu ya krimu na mninga, tafuta ukuta wenye joto: krimu nyepesi, rangi ya mchanga, kijani cha majani makavu. Sakafu ya kijivu au nyeupe kabisa ndiyo inakubali kijivu na bluu.

Hatua ya 2: Simama mlangoni

Simama mlango mkubwa, nenda ukasimame kwenye sinki la jikoni, kisha kaa kwenye kochi. Vyote unavyoviona ukiwa hapo ni chumba kimoja, hata kama kwenye ramani vina majina matatu. Vipe rangi moja kuu ya ukuta.

Ukitaka rangi ya pili, ibadilishie kwenye kona inayoingia ndani, kamwe si kwenye kona inayochomoza. Kona ya kuchomoza inaonyesha kila mtetemo wa brashi, na ikigongwa na meza inabanduka rangi mbili kwa pamoja.

Hatua ya 3: Gawa

Mafundi wa mapambo wanatumia asilimia 60, 30, 10: sehemu kubwa ni kuta, inayofuata ni masofa na mapazia, kidogo kabisa ni mito na vikorokoro. Usichukue futi ukapima. La muhimu ni kwamba hiyo rangi ndogo ijirudie: mto wa kijani sebuleni, kitambaa cha kijani kwenye viti vya kulia, basi macho yanavuka yenyewe.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye mwanga wako

Paka rangi mikono miwili, yaani mara mbili, kwenye kipande cha jipsamu au kadibodi nyeupe, upana wa nusu mita, ukihamishe kila ukuta. Kitazame asubuhi, saa kumi jioni, na usiku.

Dirisha la magharibi linaleta jua la jioni ambalo linageuza krimu kuwa manjano ya embe. Dar tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua la mchana linaegemea kaskazini. Dirisha la upande huo likipata jua, la kusini linabaki kivulini na rangi yake inapoa. Halafu balbu. Angalia namba yenye herufi K kwenye boksi: 3000 ni mwanga wa manjano, 6500 ni mweupe wa ububluu. Ukiweka moja jikoni na nyingine sebuleni, ukuta mmoja utakuwa na rangi mbili kila usiku, na utamlaumu fundi.

Hatua ya 5: Kununua

Lita moja inafunika takriban mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, mkono mmoja. Kuta za mita 90 za mraba, mikono miwili, ni lita 18. Chukua ndoo ya lita 20. Zikiwa ndoo mbili za rangi iliyochanganywa dukani, zichanganye pamoja kabla ya kuanza. Plasta mpya isubiri wiki nne.

MASWALI

Mama wa Kimara: Shikamoo fundi. Masofa yangu ni ya mninga, tulichongesha Keko, kitambaa maruni. Baba watoto hataki kusikia habari ya kuyauza. Tailizi krimu.

Jibu: Marahaba mama. Mwache mzee, mninga huo si wa kuchezea. Kuta ziwe krimu nyepesi, mapazia rangi ya mchanga. Maruni nyingine weka mezani, kidogo tu. Usiongeze pazia la maruni, sebule itafanana na ukumbi wa harusi.

Mpangaji, Kigamboni: Mwenye nyumba kakataza kupaka. Sebule pichi, jiko bluu.

Jibu: Tumia kitambaa, ndugu yangu. Mapazia ya namna moja pande zote mbili, na mito ya kitenge chenye pichi na bluu ndani yake.

Dada wa Mbagala: Napika maandazi ya biashara, jiko liko wazi. Nipake rangi ya mafuta upande huo?

Jibu: Nyeupe na krimu za mafuta hugeuka manjano zikikaa, baada ya muda hazitafanana tena na sebule. Chukua rangi ya maji ya silki, namba ile ile ya sebuleni. Itang'aa kidogo zaidi, lakini inafutika kwa kitambaa na sabuni.

Kijana wa Tegeta: Fundi, dari ya jipsamu niweke zambarau?

Jibu: Hapana.