Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukokotoa Uwezekano wa Mfuatano wa Mirusho ya Sarafu

Kabla mwanafunzi hajazidisha nusu kwa nusu, ni lazima alisome swali hadi ajue kama ameulizwa mpangilio au ameulizwa idadi tu. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu, miongoni mwa vijana ninaowasaidia hisabati hapa Mtwara, ndilo linalowapotezea alama nyingi kuliko makosa ya kuzidisha. Tuchukue sarafu ya shilingi 200, yenye kichwa cha Karume upande mmoja na simba upande wa pili, tuirushe mara tano. Uwezekano wa kupata kichwa, simba, simba, kichwa, simba, kwa mpangilio huohuo, ni 1/32, kwa kuwa mifuatano yote inayoweza kutokea ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 na kila mmoja una nafasi sawa na mwenzake. Uwezekano wa kupata vichwa viwili tu, popote vitakapoangukia, ni 10/32, kwa maana vichwa hivyo vinaweza kushika nafasi ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, na kuendelea hivyo hadi ya nne na ya tano, jumla njia kumi. Asiyesadiki aziandike zote daftarini. Ni kazi ya dakika mbili na huondoa ubishi.

Pili, ihakikishwe kwamba mirusho ni huru, yaani tokeo la mrusho mmoja haliathiri la mrusho unaofuata. Vichwa vitano mfululizo navyo vina uwezekano wa 1/32, sawasawa na ule mchanganyiko wa hapo juu, na baada ya hivyo vitano, kichwa katika mrusho wa sita kingali na uwezekano wa nusu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika jumba la kamari la Monte Carlo, gurudumu la ruleti, mchezo wa kubahatisha kama kijipira kitatua kwenye rangi nyekundu au nyeusi, lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakapoteza fedha nyingi kwa kuamini kwamba zamu ya nyekundu ilikuwa imewadia.

Sarafu yenyewe nayo ichunguzwe. Mwanahisabati John Kerrich, alipokuwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067, idadi iliyo karibu sana na nusu. Lakini swali likisema kichwa kina uwezekano wa 0.6, basi kichwa, kichwa, simba huwa 0.6 × 0.6 × 0.4, yaani 0.144, wala si 1/8.

Neno “angalau” lipigiwe mstari: angalau kichwa kimoja katika mirusho minne maana yake ni kimoja au zaidi, hivyo tunatoa tu uwezekano wa kukosa kichwa kabisa, ambao ni 1/16: 1 − 1/16, yaani 15/16.

Anayetaka kujaribu kwa vitendo aamue mapema ni tokeo lipi litahesabiwa na lipi litarudiwa. Tulipojaribu kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani, sarafu ilizama kwa ukingo ikasimama karibu wima, na vijana waliokaa upande wa Karume wakashikilia kwamba ni kichwa. Tangu siku hiyo tunatandika mkeka, na mrusho ambao sarafu haikulala bapa hurudiwa bila kuandikwa.