Ukitaka kudumu katika ukandaji, anza kwa kuvilinda vidole gumba

Mkandaji hujifunza mikono ya watu wengine kabla ya kuijua yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiungo cha shina la kidole gumba, kile kinachokutana na kifundo cha mkono, kimeumbwa kwa kushika na kuzunguka. Ukikitumia kubeba uzito wako kwa kila mteja, kitaanza kuuma, kisha kulegea. Kidole gumba kiwe cha kutafutia fundo la msuli uliokaza. Ukishalipata, ligandamize kwa kiwiko au kwa kigasha, sehemu ile bapa ya mkono chini kidogo ya kiwiko.

Kabla ya mbinu yoyote, rekebisha meza. Simama kando yake, mikono ikining'inia, ukunje ngumi: vifundo vya vidole viguse juu ya meza. Kwa mkandamizo mzito ishushe sentimita 5 hadi 8. Irekebishe tena mteja akiondoka, maana mwembamba na mnene hawalali kimo kimoja. Meza ikiwa juu mno, mabega yako hupanda na nguvu yote hutoka mikononi. Ikiwa chini mno, kiuno kitakudai usiku. Ukijikuta umebana pumzi, meza au miguu yako imekaa vibaya.

Miguu ndiyo inayokanda. Tanguliza mmoja, kisigino cha nyuma kikae sakafuni, kiwiko kinyooke bila kukazwa, halafu egemea. Ingia polepole: msuli ukishtuliwa hujihami kwa kukaza, nawe utalazimika kuongeza nguvu bure. Kiwiko kinafaa kwenye makalio na kwenye misuli iliyo kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya pingili zenyewe. Mbele ya shingo na nyuma ya goti pita kwa wepesi tu, kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu iko karibu na ngozi.

Mafuta: takriban kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa mgongo, na mililita 15 hadi 20 kwa mwili mzima. Yakizidi, mkono huteleza, na ili kuushika msuli vidole hulazimika kubana zaidi. Yapashe viganjani kwanza. Uliza kuhusu mzio, hasa kama mafuta ni ya lozi.

Maswali ya mwanzo yasirukwe hata kwa mteja wa kila wiki: ana homa? Amefanyiwa upasuaji? Ni mjamzito? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye tafu, usiuguse. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani, na donge likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu na kuua.

Kuhusu masomo, majimbo mengi ya Marekani hudai angalau saa 500 za mafunzo, New York saa 1,000. Popote ulipo, uliza chuo kwamba kati ya saa zake ni ngapi mikono itakuwa juu ya mwili wa mtu. Kisha jifunze msuli mmoja kwa siku: unaanzia wapi, unashikia wapi, unavuta nini. Msuli unaonyanyua bega, kwa mfano, hushuka kutoka pingili nne za kwanza za shingo hadi pembe ya juu ya ubapa wa bega. Anayelalamika kwamba shingo haigeuki mara nyingi huonyesha pembe hiyohiyo.

Usione mambo unayoyapenda nje ya kazi kama upotevu wa muda. Moshe Feldenkrais, mwasisi wa mbinu ya kuboresha mwendo wa mwili yenye jina lake, alikuwa mwanafizikia na mcheza judo, na goti lake lililoumia ndilo lililomsukuma kuchunguza jinsi mwili unavyosogea. F. M. Alexander, ambaye naye mbinu yake ya mkao wa mwili ina jina lake, alikuwa mghani wa jukwaani. Sauti ilipompotea, alijitazama kwenye vioo hadi akaona anavyokaza shingo. Kwako, chagua kinachoukunjua mwili ulioinama kutwa: kuogelea kichalichali, kucheza dansi, kutembea mwendo mrefu. Ukipenda kufuma au kupanda miamba, hesabu saa hizo kama kazi ya mikono, kwa sababu vidole havijui tofauti. Simu nayo imo humo: ujumbe mrefu tuma kwa sauti.

Anza na wateja watatu wa saa moja kwa siku, uongeze hadi wanne au watano kwa miezi, ukiacha dakika 15 katikati. Wawili wanaotaka mkandamizo mzito wasifuatane. Ukiamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Punguza wateja wiki hiyohiyo, acha kukanda kifundo kikiwa kimekunjwa nyuma, na ganzi ikibaki umwone daktari kabla misuli ya shina la kidole gumba haijaanza kusinyaa.