Ng'onda wa kaskazi: kukausha samaki wa kuliwa wakati wa kusi

Kama unasoma haya mwezi wa Mei, weka kisu chini kwanza. Masika imeshaingia, hewa imejaa maji, na samaki utakayemwanika ataota kuvu kabla hajakauka. Ng'onda, yaani samaki wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa, ni kazi ya kaskazi, upepo wa Desemba mpaka Machi. Hapa Lamu, kuanzia Januari mvua karibu haipo, upepo mkavu hauchoki, bahari imetulia, na wavuvi wanarudi na samaki hata bei inaanguka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, na anayekula samaki ni mwenye pesa au mwenye ng'onda.

Mpango huu si wetu peke yetu. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakishuka na kaskazi yamebeba tende na papa mkavu, yakingoja upepo ugeuke, kisha yakirudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Papa yule alikaa baharini wiki nzima na zaidi bila barafu na akafika analika. Nami friji ninalo, sina ugomvi nalo, lakini friji langu ni la samaki wa wiki hii. Wa Julai yumo kikapuni.

Watu wakiniuliza, swali la kwanza huwa ni chumvi: kiasi gani? Huwa nawaambia wameruka. Chumvi ni hatua ya tatu, na ng'onda wengi huharibika kwenye ya kwanza.

Hatua ya kwanza: samaki mwenyewe

Chagua samaki asiye na mafuta mengi: changu, tewa, kolekole mdogo. Nguru naye hufaa sana ukimuwahi. Papa na taa hukauka vizuri, ila nyama yao ina harufu kali kama ya mkojo isipolowekwa na kuoshwa vya kutosha. Jodari na mkizi waache, au wabanike kwa moshi wa makumbi ule ndani ya siku chache. Mafuta yao yakikutana na jua hugeuka, na ng'onda wake hukwaruza koo.

Bibi yangu, mama wa babangu, hakuwa akinunua kwa kuangalia ukubwa. Alinishika mkono akaniinamisha juu ya kapu: "Ndoo utizame mato," yaani njoo utazame macho. Macho yawe yametuna na yanang'aa, mashavu, yale ya kupumulia, mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jicho likishaingia ndani, hata ukimzika kwa chumvi umechelewa.

Hapa pana jambo la kujua kuhusu nguru, jodari na jamaa zao. Wakikaa na joto saa chache kabla ya kuguswa, hujengeka ndani ya nyama sumu inayowasha mwili, inayoufanya uso uwe mwekundu na kichwa kigonge. Sumu hiyo haiondolewi na chumvi, wala jua, wala kuchemsha. Kwa hiyo anayekuuzia nguru wa jana kwa bei ya kutupa akikwambia "huyu ni wa ng'onda", mwachie. Ng'onda si mahali pa kuficha samaki aliyelala.

Hatua ya pili: kupasua

Paa magamba, kisha mpasue mgongoni, si tumboni. Ingiza kisu nyuma ya kichwa, fuata uti mpaka mkiani, umfungue kama kitabu huku ngozi ya tumbo ikibaki imeshikana. Ukimpasua tumboni, minofu minene ya mgongoni hubaki mizima, na hiyo ndiyo huoza.

Toa matumbo, toa mashavu, kisha geuza ncha ya kisu ukwangue ile damu nyeusi iliyoganda kando ya uti. Watu wengi huiacha kwa uvivu. Ukija kusikia ng'onda ananuka karibu na mfupa, ni damu hiyo. Pale penye nyama nene piga chanjo za mshazari, kina cha nusu ya nyama, nafasi ya kidole kati ya chanjo na chanjo.

Osha kwa maji safi ya bahari, mbali na gati na mbali na mifereji ya mji. Kama huna imani na maji ya karibu, tia chumvi kwenye maji ya bomba. Kisha mwache achuruzike nusu saa, mahali pa kivuli. Kama wewe ni wa Lamu sina haja ya kukukumbusha paka. Kama ni mgeni, weka mtu mlangoni.

Hatua ya tatu: chumvi

Sasa tufike. Pima samaki baada ya kumsafisha, si kabla. Kwa kila kilo 3 za samaki, chumvi kilo 1.

Tumia chumvi ya mawe, ile ya chembe kubwa. Pwani yetu inayo tele. Mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, utayaona ukipita na basi. Chumvi laini ya mezani ukiitumia peke yake huvuta maji ya juu kwa kasi, nyama ya nje ikajifunga, na ya ndani isipate kitu. Ya mawe huyeyuka polepole na kuingia polepole.

Chombo kiwe ndoo ya plastiki au mtungi wa udongo. Sufuria ya alumini usithubutu, chumvi huila. Tandaza chumvi chini, unene wa kidole. Sugua kila samaki kwa mkono, uisukume chumvi ndani ya zile chanjo na chini ya kichwa. Mlaze ngozi chini, nyama juu. Tia chumvi, samaki, chumvi, samaki. Wa mwisho ndiye pekee anayelala kinyume, ngozi juu. Funika kwa sahani, weka jiwe safi juu yake.

Baada ya saa chache utaona maji yamepanda. Ni maji ya samaki mwenyewe. Yasipowafunika wote kufikia asubuhi, chemsha maji, yapoze, tia chumvi mpaka ikatae kuyeyuka, uongeze. Samaki mwembamba anakaa siku moja, mnene siku mbili. Akiwa tayari nyama imekaza, imepoteza uangavu wake, na ukiikata hakuna sehemu laini katikati.

Hatua ya nne: kuanika

Hii ndiyo iliyonitia adabu.

Mwaka wangu wa kwanza bila bibi nilijiona mjanja. Jikoni tulikuwa tumeezeka mabati mapya, yanawaka adhuhuri hata kunguru hawatui. Nikasema joto hili litamaliza kwa siku moja kazi ya siku tano. Nikawapanga changu kumi na wawili juu yake. Saa kumi jioni walikuwa wagumu kama kuni, rangi ya dhahabu, wamenyooka, nikawaonyesha majirani. Siku ya nne nikampinda mmoja akavunjika katikati: ndani nyama bado mbichi, nyeupe na laini kama uji mzito, na harufu ikanifuata mpaka chini ya ngazi. Nilikuwa nimewapika ngozi ya nje tu. Maji ya ndani hayakuwa na pa kutokea.

Kinachokausha ng'onda ni upepo. Jua ni msaidizi wake, na msaidizi huyu asipewe kazi yote siku ya kwanza.

Tengeneza uchaga wa urefu wa kiuno: boriti nne, fito juu yake, kisha wavu kuukuu uliooshwa na kukazwa. Hewa ipite juu na chini. Ukitandika jamvi chini, upande mmoja utakauka na mwingine utatoa jasho, na mchanga utaula wewe mpaka Agosti.

Suuza samaki mara moja kwa maji ya chumvi, chumvi ya juu itoke, kisha mtandaze. Siku ya kwanza anza saa moja asubuhi, na kuanzia saa tano mpaka saa tisa mfunike kivuli cha makuti ili apate upepo bila jua kali. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Kuanzia siku ya pili anaweza kukaa juani kutwa. Tandaza chandarua juu ya fito bila kugusa nyama, kwa ajili ya nzi na kunguru. Nzi ni wa kuogopwa zaidi siku ya kwanza, samaki akiwa bado na unyevu. Hutaga kwenye mikunjo ya kichwa na kesho yake una funza. Moshi mdogo wa makumbi upande upepo unakotoka huwafukuza. Dawa ya kupuliza wadudu haina nafasi hapa hata kidogo, maana utaila.

Jioni, kabla umande haujaanguka, waingize wote ndani, wapange wamelaliana na uwawekee jiwe juu. Usiku ule maji ya katikati ya nyama husogea kuja nje, na asubuhi utawakuta wamelainika tena. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Anika tena. Wembamba humaliza siku tatu, wanene tano au sita.

Vipimo vyangu ni vitatu. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu iliyo nene kuliko zote: alama isibaki. Mpinde: asikunjike kama kitambaa, wala asivunjike kama wale wangu wa mabati. Kisha mpime. Kilo 3 zilizoingia kwenye chumvi, kwangu hutoka kama kilo moja na robo. Zikizidi kilo moja na nusu, narudisha uchagani.

Hatua ya tano: kuweka

Kikapu cha ukindu au kipakacha, karatasi chini, kininginie jikoni mahali moshi unapopita. Mfuko wa plastiki hapana. Ng'onda hutoa jasho na kuoza akiwa amefungwa vizuri kabisa. Wala usimtie kwenye chupa ya mafuta na kuifunga kwa kifuniko. Chakula kisicho na ukali wa siki au ndimu, kikifungiwa pasipo hewa, kinaweza kuzaa sumu ya botulini, nayo inaua bila kubadilisha harufu wala ladha.

Kila wiki mbili watoe juani nusu siku. Ukiona vijidudu vyeusi vimetoboa, jua kali huwatoa. Ukiona wekundu kama wa waridi juu ya nyama, hao ni vijidudu vinavyopenda chumvi, vilivyokuja na chumvi yenyewe kutoka bwawani. Kama ni doa moja tu na nyama bado kavu, mimi hukata pale, nikaosha kwa maji ya chumvi na kuanika upya. Kama kuna utelezi, tupa wote waliogusana. Ng'onda wa Februari aliyekaushwa hivi tunamla mpaka Agosti, na kwetu hajawahi kufika Septemba, si kwa kuharibika bali kwa kuliwa.

Kupika ni rahisi. Loweka tangu usiku, badilisha maji mara mbili, chemsha kidogo, toa miiba. Kisha mchuzi wa tui la nazi, bizari, nyanya moja, na embe bichi la kuukata mchuzi. Chumvi usiongeze. Mwenye presha ale kipande kimoja au asile, hata kama amelowekewa siku nzima.

Cha kando: achari ya ndimu

Kwa kuwa jua lipo na chumvi umeshanunua, fanya na hii. Ndimu 20 za njano zenye ngozi nyembamba, zioshe na uzipanguse zikauke kabisa. Tone la maji huleta kuvu. Zipasue mara nne bila kuzitenganisha, zijaze chumvi, jumla robo kilo. Zishindilie kwenye chupa ya kioo mpaka maji yake yapande yazifunike. Kila siku juani, kila siku itikise, wiki tatu. Ngozi ikigeuka rangi ya kahawia na kulainika, tia pilipili za kusaga na haradali. Inakaa mwaka. Kitunguu thomu ukikitaka kitie humu ndani ya ukali wa ndimu, si kwenye mafuta matupu.

Ndimu zangu siku hizi nanunua sokoni, na sababu ndiyo nukta yangu ya mwisho. Yale maji ya chumvi yanayobaki kwenye ndoo, hata ukiyaona bado yana chumvi ya kutosha, usiyatumie kwa samaki wengine. Yamejaa damu na uchafu wa waliotangulia. Yarudishe baharini. Kiwandani, yaani uani, mwa nyumba ya bibi palikuwa na mndimu, mkubwa kuliko mimi, unaozaa mara mbili kwa mwaka. Nilimwaga ndoo mbili pale chini yake usiku mmoja, kwa uvivu wa kushuka pwani. Haikufika Ramadhani majani yote yalikuwa chini.