Kugawa diski ya kompyuta ya nyumbani: anza na ukubwa wa C

Kugawa diski ni kuikata sehemu mbili: C, yenye Windows na programu, na D, ya mafaili yako. Amua ukubwa wa C kabla ya kugusa chochote, kwa sababu hapo ndipo mgawo mwingi huharibika. Mtu anaipa C GB 60 ili D iwe kubwa, halafu Windows inakosa nafasi ya kujisasisha huku D ikikaa tupu. Windows 11 hudai diski ya GB 64 kwa uchache, lakini hicho ni kiwango cha kuisakinisha tu. Programu, masasisho na kila unachopakua huangukia C. Ipe GB 150. Kama vijana wa nyumbani wanacheza gemu, 200 au zaidi.

Diski ya GB 500 uliyonunua mjini itasomeka 465. Hujaibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Iachie C kama 200, D ichukue 260. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 usiigawe kabisa, ni ndogo mno. Ukiwa na SSD pamoja na diski ya kawaida, weka Windows kwenye SSD na mafaili kwenye ile nyingine, kazi imekwisha.

Kisha nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. D si nakala ya akiba. Diski ikifa, C na D hufa pamoja. Na stima Mombasa hukatika bila hodi: ikipotea wakati data inahamishwa, sehemu nzima inaweza kukataa kusomeka. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS (betri ya kuishikilia stima ikikatika), laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba data ya diski) ikiwa imewashwa, isitishe kwanza, na ufunguo wake uandike kwenye karatasi.

Bonyeza Windows na X, fungua Disk Management, bofya kulia kwenye C, chagua Shrink Volume. Kiasi cha kukata huandikwa kwa MB, kwa hiyo GB 260 ni 266240. Nafasi iliyokatwa itatokea na mstari mweusi juu yake. Ibofye kulia, chagua New Simple Volume, herufi D, mfumo wa mafaili NTFS.

Mara nyingine C ina nafasi tele lakini Windows inakubali kukata kidogo tu. Kuna mafaili yasiyosogezeka katikati ya diski: hiberfil.sys (ya kulaza kompyuta), pagefile.sys (ya kusaidia RAM) na nukta za kurejesha mfumo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima kwa muda System Protection (inayotunza nukta hizo) na pagefile, washa upya kompyuta, jaribu tena. Ukimaliza, virudishe vyote.

Kuongeza C baadaye ni kugumu zaidi. Extend Volume hukubali tu nafasi tupu iliyo mara baada ya C, upande wa kulia. Ukihamishia Windows kwenye diski kubwa, sehemu ya Recovery (ya kurekebisha Windows) huweza kukaa katikati na kitufe kikafifia. Ile sehemu ndogo ya EFI, mara nyingi MB 100, usiifute hata kidogo: kompyuta haitawaka kwenye Windows. Diski inayozidi TB 2 iwe na mpangilio wa GPT, kwani ule wa zamani, MBR, haufiki zaidi ya hapo.

Mwisho hamisha Documents, Pictures na Downloads: bofya kulia, Properties, Location, Move. Kila moja itengenezee folda yake, mfano D:\Picha. Usiielekeze D:\ yenyewe, maana D nzima itageuka folda ya Pictures, na kuirudisha ilivyokuwa ni usumbufu mkubwa.